Nyumba Tatu Zilizotoka Jasho

Walisema sitamaliza hata choo. Siku niliposhuka Kalemie kwenye boti kutoka Kigoma na sanduku langu, binamu yangu mmoja, ambaye mpaka leo anapanga chumba kwa mkwe wake, alisema mbele ya watu: "Huyu amezoea vya ng'ambo. Ataweka msingi, atachoka, majani yataota." Mwingine akasema mtu wa stashahada hajengi, anachora. Wazee wa reli waliokuwa wakinywa chai karibu na stesheni walisema viwanja vya upande wa Kituku vinamtafuna kila anayevigusa. Niliyasikia yote, na nikajibu kwa matofali.

Stashahada yangu ni ya uhasibu. Niliisomea Dar es Salaam huku nikibeba mizigo ghalani, bila mjomba wa kunishika mkono, bila baba wa kunilipia minerval ya shule. Wengine hapa wana vyeti vilivyolipiwa na ukoo mzima. Changu nilikilipia kwa mgongo huu. Kwa hiyo niliporudi sikuja kuomba kazi kwenye biro ya mtu. Nilikuja kununua parsele, kiwanja changu mwenyewe, na juu ya parsele hiyo moja, kwa miaka michache tu, nilisimamisha nyumba tatu za kupangisha, za durable kama tunavyosema hapa: matofali ya kuchoma, sementi, bati. Waliosema choo kitanishinda walianza kupita barabara ya nyuma.

Nieleze jinsi nilivyoweza, maana watu huuliza mpaka leo. Kwetu mpangaji haingii na kodi ya mwezi mmoja mkononi. Analeta garanti, kodi ya miezi mingi kwa mpigo, na mwenye nyumba anatakiwa kuirudisha siku mpangaji anapotoka. Anatakiwa. Simjui mwenye nyumba wa Kalemie anayeilaza garanti kabatini. Garanti ya nyumba ya kwanza niliijengea ya pili, ya pili nikaijengea ya tatu, na ya tatu ikaishia kwenye milango na madirisha yake yenyewe. Palipopungua nilikopa: kwa dada yangu mkubwa anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni, kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na kwenye likelemba yetu, ambamo tunachangiana na kupokea kwa zamu. Kwa macho ya mhasibu huo ni mzunguko mzuri sana. Una sharti moja tu: wapangaji wasitoke wote kwa pamoja. Wakitoka pamoja, mwenye nyumba anauza parsele ili arudishe garanti, na binamu yangu anapata la kusema mpaka kaburini.

Jambo la pili lilikuwa matofali. Kwenye parsele ile palikuwa na depo ya zamani, paa limekwisha kuanguka, kuta nene zimebaki. Matofali yake yalikuwa mekundu, mazito, ukiyagonga yanalia. Matofali mapya ya siku hizi ukiyaangusha chini unaokota mchanga. Niliibomoa depo, nikayasafisha, na yakatosha nyumba ya kwanza karibu yote, nusu ya nyumba ya pili, na ukuta mmoja wa ndani wa nyumba ya tatu. Mwenye kuniuzia alisema ni depo, nami sikuuliza ilikuwa depo ya nini. Mji wa bandari na reli umejaa depo. Fundi alinisifu kwa akili ya kubana matumizi, na alisema kweli.

Misimu ya kwanza lipu ilivumilia. Mwaka nyumba ya tatu ilipokwisha, mawingu ya mvua za kwanza yalipoanza kukusanyika, mpangaji wa nyumba ya kwanza alinipigia simu. Ni muuguzi, mama wa watoto wakubwa, mzaliwa wa Pepa kule milimani, na hana tabia ya kulalamika bure.

"Papa, kuja uone. Ukuta iko inatoka jasho."

Nilikwenda. Nikamwambia kwa upole kwamba ukuta hautoki jasho. "Mama, unapikia ndani?"

"Napikia inje. Kila muntu ananiona."

"Unaanika nguo chumbani?"

"Naanika kwenye kamba ile ulisema utabadilisha. Papa, shika kwanza ukuta. Maneno nyuma."

Nikashika. Ulikuwa umelowa kama kiganja cha mtu mwenye homa. Doa lilianzia nyuma ya kabati, likapanda kuelekea dirishani, lina kingo zilizopinda kama ramani ya nchi nisiyoijua. Nikapanda darini nikitumia meza yake: pakavu, vumbi la mwaka mzima. Nikazunguka nje: hakuna bomba upande ule, hakuna bafu. Na jambo lililoniudhi zaidi ni kwamba mvua yenyewe haikuwa imenyesha. Mbingu zilikuwa zimefunga tu. Maji yalitoka wapi?

Nikamwambia nitalishughulikia. Hilo ndilo neno la mwenye nyumba asiyejua kitu.

Kabla sijaanza kulishughulikia, karani wa bandari anayekaa nyumba ya pili akanisimamisha njiani. Huyu ni mtu wa mizaha. "Papa," akasema, "kodi unayonitoza njo ya nyumba ao ya kisima?" Kwake doa lilikuwa juu, karibu na dari, na chini yake ukuta mkavu kabisa.

Miaka hii ziwa limepanda. Watu tunaowajua wamezihama nyumba ambazo maji yamefika madirishani, na mtu akiona unyevu popote mjini anasema ni ziwa. Mimi pia nilisema ni ziwa, na nilifurahi, maana tatizo lenye jina linaanza kuwa dogo. Nikachimba shimo kando ya msingi wa nyumba ya kwanza, refu mpaka kiunoni. Mchanga mkavu. Nikakaa ukingoni mwa shimo nikiangalia ule mchanga. Maji ya ziwa yangepanda vipi kwenye ukuta bila kupita kwenye msingi? Na yale ya nyumba ya pili yamefikaje darini bila kugusa chini? Yaliruka?

Basi ni bati, nikasema. Nikachukua bati mpya na mifereji kwa mkopo kwa yule mwenye duka, nikapanda mwenyewe na fundi. Paa likang'aa hata mtu aliye ziwani angeliona. Wiki iliyofuata mbingu zikafunga tena na kuta zikalowa tena, kabla ya tone la kwanza. Kuta zangu zilijua mvua kuliko mbingu.

Kisha mwalimu wa nyumba ya tatu, kijana aliyeoa juzi, akaja kwangu na mke wake, wote wawili wameinamisha vichwa kama watu walioleta msiba. Kwao ulilowa ukuta wa ndani, ule unaotenganisha sebule na chumba cha kulala. Ukuta usiojua jua wala mvua, usioshikana na nje hata kidogo. Mke wake akaniambia kwa sauti ndogo: "Baba, siye hatumwagi maji kitandani." Nilimjibu kwamba sijasema hivyo. Lakini nilikuwa nimewaza hivyo.

Nilijaribu kila kitu ambacho mtu mwenye akili angejaribu. Nilibandua lipu, nikapiga nyingine ya sementi kali iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji, ghali, kwa mkopo uleule. Ikakauka vizuri, ngumu kama jiwe. Baada ya miezi michache ikaanza kuvimba na kudondoka kwa vipande vikubwa, na nyuma yake palikuwa na kitu cheupe, laini, kama unga wa muhogo. Nikadhani ni ukungu, nikaupiga kwa javel, dawa ya kutoa madoa. Ukarudi. Nikapaka rangi ya mafuta. Rangi ikafanya malengelenge, na ukiyapasua yanatoa maji. Kisha kiangazi kikafika na kuta zote zikakauka zenyewe, bila mtu kuzigusa, zikawa safi kama zinanicheka. Nikatangaza kwamba nimeshinda. Mvua za mwaka uliofuata zikanikanusha.

Nilianza kuogopa mawingu. Nilikuwa naamka, natazama upande wa ziwa, na kama milima ya ng'ambo haionekani vizuri, najua simu italia. Hesabu nazijua. Nikikosea hesabu, narudi mstari kwa mstari mpaka nalipata kosa. Lakini hapa kila nilichokisahihisha kilikuwa sahihi tangu mwanzo. Paa zima, msingi mkavu, bomba halipo. Jumla tu ndiyo ilikataa.

Watu wakapata maelezo yao. Kuna waliosema chini ya depo ile alizikwa mtu na sasa analia. Karani wa bandari aliniuliza, nusu mzaha na nusu hapana: "Papa, huko ng'ambo ulifanya mukataba na nani?" Dada yangu, ambaye ndagala zake nyingi zilikuwa zimegeuka bati kichwani mwa nyumba zangu, akaniletea watu wa sala. Nilikubali, si kwa imani, ila kwa kuchoka. Waliimba vizuri. Kiongozi wao, mwenye koti jeusi la heshima, aliegemea ukuta akiwa amefumba macho, akakemea kila kitu chenye jina. Alipogeuka mgongo wake ulikuwa mweupe na umelowa, kana kwamba amepakwa uji. Muuguzi alitoka nje akishika mdomo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza bei ya kufua koti.

Jumapili moja wote watatu wakaja kwangu pamoja. Walikuwa wamekwisha kuongea, ilionekana. Muuguzi ndiye aliyesema.

"Papa, tunakuheshimu. Lakini godoro yangu imeoza upande moja, na mutoto wa mwalimu ndiyo huyo tumboni. Atazaliwa ndani ya maji? Mwisho wa mwezi utupatie garanti yetu, tutafute pengine."

"Wote?"

"Wote," akasema karani, na safari hii hakutia mzaha.

Niliwaambia mwenye stashahada hakosi garanti za watu. Walipoondoka niliketi. Garanti zao zilikuwa zimesimama kule kwenye parsele, zimepigwa lipu na kuezekwa. Sikuwa na kitu kingine. Jioni hiyo hiyo binamu yangu alinisimamisha njiani na kuniuliza, bila hata salamu, kama parsele ile nitaiuza nzima au kwa vipande.

Kesho yake nilikwenda mapema kutazama ni nyumba ipi naweza kuiuza. Kwenye pembe ya nje ya nyumba ya kwanza nilikuta mbuzi wa jirani. Hao mbuzi nilikuwa na ugomvi nao tangu zamani. Niliamini ndio wanaoharibu lipu kwa pembe zao, na kila siku nilikuwa nawarushia mawe. Nikaokota jiwe. Muuguzi alikuwa mlangoni akifagia.

"Waache kwanza," akasema. "Angalia. Hawakwaruzi. Wanaramba."

Kweli walikuwa wanaramba. Ndimi zao zilikwenda juu na chini kwenye tofali, macho yamefumba kwa utamu.

"Kwetu Pepa ng'ombe akiramba udongo hivi, tunajua," akasema. Halafu akanitazama, nami nikamtazama. Nadhani tulifika pamoja. Niliwasukuma mbuzi, nikapiga goti na nguo zangu za kazi, nikaweka ulimi wangu kwenye ukuta niliojenga mwenyewe.

Chumvi.

Nikaingia ndani nikaramba nyuma ya kabati. Chumvi. Nikavuka kwa karani, ambaye alikuwa anavaa viatu, nikaomba ngazi nikaramba karibu na dari. Alidhani nimepata wazimu mpaka naye alipoonja. Kwa mwalimu tuliramba wote, mke wake pia. Ukuta wa ndani ulikuwa na chumvi kama samaki.

Ng'ambo ya barabara anakaa bibi mmoja mzee, mjukuu wa wafanyabiashara Waislamu wa ziwani, aliyezaliwa mtaa huu. Nikamwendea mbio.

"Bibi, ile depo ilikuwa depo ya nini?"

"Ya chumvi, mwanangu. Magunia ya chumvi kutoka ng'ambo, na samaki wa kuchumvia. Toka baba yangu kijana. Kila mutu anajua."

"Mbona hamkuniambia?"

"Uliuliza? Ulikuwa unapita hapa shingo juu kama twiga, salamu zenyewe tunaokota chini."

Mpaka leo nasema yale matofali yalikuwa mazuri. Yalikuwa magumu kuliko yote ya mji huu. Yalikuwa tu yamekunywa chumvi miaka kwa miaka, na chumvi, kama ajuavyo kila mwenye jiko, hewa ikiwa nzito inavuta maji na kulowa yenyewe kwenye kopo. Hayakuhitaji mvua. Mawingu yalitosha. Na kwa kuwa niliyatawanya katika nyumba tatu, yalilowa kila yalipoketi, juu, chini na katikati.

Nilidhani kujua kutanitoa kwenye kiza. Kukaniongezea. Paa unabadilisha, bomba unaziba. Chumvi iliyo ndani ya tofali unaitoaje? Fundi alisema nibomoe. Mwingine alisema nipige sementi mara mbili. Mwenye duka alikuwa na dawa mpya, ghali kuliko ya kwanza. Kila mmoja alisema kwa uhakika, na kila uhakika ulipingana na mwenzake. Siku kadhaa nilitembea kando ya mto Lukuga nikiongea peke yangu.

Kilichonijia hakikutoka darasani. Nilikuwa kwa dada yangu, ananiwekea samaki wa chumvi mezani, nikaonja, hakuwa na chumvi kali, nikamuuliza chumvi yake imekwenda wapi. "Imebaki ndani ya maji," akasema. "Unaloweka, unamwaga, unaloweka tena." Nikaacha kula. Ukuta huwezi kuutumbukiza kwenye sufuria. Lakini unaweza kuubandika udongo uliolowa. Maji yataingia ndani ya tofali, yataiyeyusha chumvi, na udongo ukikauka utaivuta nje. Ndivyo nilivyofikiri. Sikuwa na hakika hata chembe.

Nikawaita wapangaji. Niliwapa pendekezo la kihasibu. Wasitoke. Wabaki bila kulipa kodi, waile garanti yao mwezi kwa mwezi, na kiangazi chote nitawatibu kuta. Mvua zikija na kuta bado zikilowa, nitauza parsele na kila mmoja atapata kilichobaki cha garanti yake.

"Utapaka udongo kwenye nyumba ya durable?" karani akauliza. "Kama nyumba ya mashamba?"

"Kama nyumba ya mashamba."

"Na siye tutalala wapi?"

"Chumba kimoja kimoja. Tutahama ndani ya nyumba."

Muuguzi ndiye aliyekubali kwanza. Alisema akitoka sasa garanti hataiona, na akibaki ataila. Ilikuwa hesabu safi; ningejivunia kama angekuwa mwanafunzi wangu.

Mvua zilipokwisha tulibandua sementi yote. Nilileta udongo wa kichuguu, tukaukanda na majani, tukaubandika kutani mzito kama chapati. Binamu yangu alisimama barabarani akapiga picha kwa simu, na picha ikazunguka mji mzima: mwenye diplome amerudi kwenye udongo. Udongo ulipokauka na kupasuka tuliubandua, tukaumwaga nje kando ya barabara. Mbuzi walikuja wote wa mtaa. Walipigana kwa ajili yake. Tukabandika mwingine. Mbuzi wakaja tena. Hapo nikajua nimepata kipimo: nitaendelea kubandika mpaka mbuzi wakatae.

Udongo wa ukuta wa muuguzi waliukataa mapema. Walinusa, wakaenda zao. Wa karani ulichukua muda. Ule wa ndani wa mwalimu waliendelea kuupenda mpaka nikakata tamaa, nikatoa matofali yenye chumvi zaidi moja moja na kuweka mapya, na yale niliyoyatoa nikayapeleka kwa wafugaji, wakanishukuru. Juu ya kila ukuta nilipiga chokaa, si sementi. Kwa nini chokaa ikae mahali sementi ilipodondoka, nimeelezwa mara kadhaa na bado sijaelewa vizuri.

Wingu la kwanza la msimu lilinikuta nyumbani kwa muuguzi, kiganja ukutani. Karani naye alikuja, na mwalimu, na mke wake na mtoto mgongoni. Tulisimama tukishika kuta kama watu wanaosukuma lori. Mvua ikaja, ikapiga bati, ikapita. Viganja vyetu vilikuwa vikavu. Mahali pamoja tu, nyuma ya mlango wa karani, pana doa dogo linalokuja na kuondoka mpaka leo. Mbuzi hawalitaki, bomba halipo, paa halivuji. Ametundika kalenda juu yake. Mimi nimeacha kuuliza.

Walibaki wote. Garanti walikuwa wameila mpaka mwisho, kwa hiyo hapakuwa tena na deni langu kwao, na kodi ikaanza kuingia mwezi kwa mwezi. Sikutaka garanti mpya. Baada ya msimu mzima wa kodi nilichagua siku moja, nikavaa shati la kupiga pasi. Asubuhi nililipa duka la vifaa, na mwenye duka akanipa soda na kuniuliza kama sitaki rangi. Mchana nikaweka mchango wangu wa mwisho kwenye likelemba, mbele ya wote, na nikasimama muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Dada, Yaya kama ninavyomwita, nilimwacha wa mwisho. Alikuwa kwenye meza yake sokoni, anafukuza nzi kwenye ndagala. Alipokea dola zangu, akazishika moja moja juu kwenye mwanga. Moja akanirudishia.

"Hii imepasuka."

"Imepasuka kidogo tu, Yaya."

"Nani atanipokelea? Weye njo mwenye diplome, kabadilishe."

Nikaenda kwa wabadilishaji, nikapunjwa, nikarudi na noti nzima. Akaitazama mbele na nyuma, akaifunga pamoja na nyingine kwenye pembe ya kitenge, akaikaza kwa meno.

"Imekwisha?" nikamuuliza.

"Imekwisha. Umekula?"

Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Akasogeza gunia, nikakaa.